Mwalimu wa Kufungua Dirisha

Katika miaka saba niliyosoma shule ile ya msingi ya Kariakoo, sikuwahi kumwona Mwalimu amekaa. Kiti alikuwa nacho, ila alikitumia kuwekea madaftari. Alifundisha hisabati akitembea, alisahihisha akitembea, na hata chai ya saa nne aliinywa amesimama mlangoni, macho yake yako uwanjani. Kwa hiyo siku ile, miaka mingi baadaye, nilipomkuta ameketi kwenye ngazi za jengo alimoishi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, mkono kifuani, mdomo wazi, nilishtuka kabla hata sijajua kuna nini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pita."

"Unaumwa?"

"Nahesabu ngazi. Pita, Somoe, una wateja."

Nami nikapita. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nauza vitenge kwenye kibaraza cha jengo hilohilo, lakini Mwalimu akisema pita, unapita.

Lazima nieleze alivyokuwa, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilishtuka. Asubuhi tulipokimbia mchakamchaka, tukitoka shuleni na kulizunguka soko, walimu wengine walitungoja getini. Yeye alikimbia nasi. Sari aliikunja akaichomeka kiunoni, miguuni alivaa raba nyeupe ambazo kila Jumapili alizipaka chaki iliyolowekwa. Mahamali waliegesha mikokoteni yao kumtazama mama wa Kihindi anayekimbia mbele ya watoto mia mbili, na sauti yake ilisikika kabla yetu sote. Ukibaki nyuma, mtaa mzima ulijua jina lako na la baba yako.

"Unatembea kama umebeba jeneza," alikuwa akituambia. Au: "Miguu hiyo umeazima kwa nani, mbona unaitumia kwa woga?"

Hakutuchapa sana. Alikuwa na vidole vya baridi, na alishika sikio tu, akalizungusha kidogo, akasubiri jibu la saba mara nane. Sisi watoto tuliotoka kusini, ambao wenzetu walitucheka kwa lafudhi ya wazazi wetu, alitushika masikio sawasawa na watoto wa wenye maduka. Wakati ule sikuuona huo kuwa wema.

Nilimaliza shule, nikaolewa, na wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, ukafika. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, tukipanga foleni ya sabuni ya mche, yalijaa redio, sufuria, viatu vya plastiki na marobota ya mitumba yaliyofunguliwa barabarani. Nilianza na mkeka na vitenge sita. Mwalimu alikuwa amestaafu, akifundisha tuisheni chumbani kwake ghorofa ya tatu. Alipita kibarazani kwangu mara nne kwa siku, na kila alipopita alikuwa na la kusema. Mitumba aliichukia kuliko kitu chochote. Aliwaambia wateja wa jirani yangu kwamba wanavaa jasho la watu wasiowajua. Kumbe chumbani kwake, asubuhi za baridi, alivaa koti la kiume la mtumba lililomfika magotini. Nilimkuta nalo siku moja. Alilitazama, akanitazama mimi.

"Hili nimelifua mara tatu," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Alikuwa hivyo. Aliogopa mijusi lakini hakumwogopa askari wa jiji. Aliwaambia wazazi wa watoto wa tuisheni wasiwape wanao sukari, na chini ya mto wake wa kulalia alificha jalebi, vitamu vya sukari tupu, ndani ya gazeti. Alijua majina ya kila mtoto aliyemfundisha, lakini hakujua jirani yake wa mlango wa pili anaitwa nani, na hakutaka kujua.

Wiki moja baada ya siku ile ya ngazini nilimkuta tena pale pale. Safari hii sikupita. Nilimshika mkono nikampandisha, tukipumzika kila baada ya ngazi tano, na nilipoangalia miguu yake niliona raba zimefunguliwa kamba kwa sababu nyayo zilikuwa zimevimba. Nilimkalisha kitandani, nikamletea maji. Hakuyanywa.

"Ulidhani nilikwenda wapi mwaka ule?" akaniuliza.

Nilijua anasema mwaka gani. Aliwahi kutoweka miezi saba, akarudi amekonda, amefunga kitambaa kichwani.

"Mwanza. Kwa dada yako."

"Sina dada."

Kisha akatoa pini begani, akaivuta sari pembeni, akafungua vifungo vya blauzi yake mbele yangu bila kugeuka. Upande wa kushoto palikuwa bapa. Kovu lilianzia kwapani likaja hadi katikati ya kifua, jembamba, limenyooka. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona hata mama yangu mzazi katika hali ile. Nilitazama ukutani, kwenye kalenda.

Miezi saba ile yote alikuwa Upanga, kwa mpwa wake, akienda na kurudi kutibiwa saratani ya titi. Upanga ni mwendo mfupi tu kutoka kibarazani kwangu. Nami nilikuwa nikiwaambia watu Mwalimu anafaidi samaki sato wa Mwanza.

"Saratani ilikwisha," akasema, akifunga vifungo kimoja kimoja. "Ila ile dawa nyekundu wanayoitia kwenye mshipa, imeugusa moyo. Moyo unasukuma damu kivivu. Mimi, Somoe. Kivivu."

Hilo neno ndilo lililomuuma. Saratani aliisimulia kama mtu anayesimulia safari ya basi, lakini uvivu wa moyo aliusema kwa aibu.

Daktari alimwandikia vidonge, akamwambia asijichoshe, ila pia asilale tu. Afanye mazoezi mepesi. Mwalimu alimuuliza mepesi kiasi gani. Daktari akasema mepesi tu, mama, kadiri mwili unavyokubali. Jibu hilo lilimkasirisha kwa sababu halikuwa na namba. Basi akaamua kulitafuta mwenyewe.

Juu ya jengo lile palikuwa na paa la zege la kuanikia nguo. Kila asubuhi alipanda, akipumzika njiani, akasimama kati ya kamba za nguo na kuinua mikono yake polepole sana, kana kwamba hewa ni nzito. Miendo ya mikono aliiiba kwa Wachina waliokuja zamani kujenga reli. Akiwa mwalimu kijana aliwaona kambini kwao alfajiri wakisogea taratibu kwa pamoja, akawacheka. Pumzi aliiiba kwa baba yake, ambaye kila siku alikaa akivuta hewa kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine, na huyo naye Mwalimu alimcheka. Sasa alikuwa amewarudia wote wawili, bila kicheko.

Mwanzoni alikuwa peke yake. Halafu akaja mke wa muuza viungo kutoka Upanga, ambaye walitibiwa pamoja. Halafu Mama Faraja, mwenyeji wa Masasi, mama lishe aliyepika wali na maharage nyuma ya soko. Naye alikuwa amekatwa titi na kupewa dawa ileile, naye alihema. Nilikuwa nikiwaona wanapanda, nikidhani wanakwenda kuzungumza.

Siku niliyopanda kuanua vitenge vyangu vilivyokuwa vimelowa mvua nikawakuta, nilisimama na beseni mkononi nikashindwa kusogea. Mwanamke aliyetukimbiza Kariakoo nzima alikuwa anasogeza kiganja chake umbali wa inchi sita, na ilimchukua muda wa mtu kusema sala ndefu. Kila mwendo alikuwa ameupa jina la kazi za nyumbani. Kufungua dirisha: mikono inaanzia kifuani, inakwenda mbele na kufunguka. Kuteka maji. Kuanua nguo. Kumlaza mtoto. Na huku wanasogea hivyo, sauti yake ilikuwa ileile ya mchakamchaka.

"Polepole, Mama Faraja. Unakimbilia wapi? Wali wako hauungui. Vuta hewa. Taratibu nimesema, masikio hayo ya nani?"

Watu wa ghorofa ya jirani walichungulia madirishani. Wengine walisema ni ibada. Wengine walisema ni wazimu wa wazee. Mimi nilicheka hadi beseni likanidondoka.

Miezi michache baadaye nilikuwa nakunja kitenge, nikikivuta kifuani kama ninavyofanya siku zote, mkono ukapita juu ya kitu kigumu. Kama punje ya hindi mbichi. Nilikunja kitenge kile hadi mwisho, nikakiweka juu ya vingine, nikapanda ghorofa ya tatu.

Mume wangu nilimwambia siku ya tatu. Mwalimu nilimwambia saa ileile. Hakuniuliza kama nina uhakika. Alivaa raba, akachukua mkoba wake, tukaenda hospitali kwa miguu, yeye akisimama kila kona kuvuta pumzi na kusingizia anatazama bidhaa madirishani. Kule kwenye foleni aliwapanga watu kwa namba kama yuko shuleni. Nilipoambiwa ndiyo, ni saratani, yeye ndiye aliyenishika. Vidole vilevile vya baridi.

Walinikata. Kisha wakanitia dawa nyekundu. Nilikojoa mkojo mwekundu nikapiga kelele chooni nikidhani natoka damu. Muuguzi akaniambia ni rangi ya dawa tu. Nywele ziliisha. Mume wangu, ambaye alifanya kazi kivukoni Magogoni na hakuwahi kushika mwiko, alijifunza kupika uji. Nilipokataa kwenda kwenye dripu ya nne, Mwalimu alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akaita jina langu na la baba yangu kama zamani. Nikaenda.

Dawa zilikwisha, nikapewa pole na hongera, nikarudi kibarazani. Nikagundua siwezi kuinua robota la vitenge. Kisha siwezi kukunja vitenge vitano bila kukaa. Kisha nikilala chali nazama. Nikajua saratani imehamia mapafuni. Niliandika kwenye karatasi watoto wangu wakae na nani.

Daktari wa moyo alikuwa kijana mwenye miwani. Alinipaka mafuta kifuani akapitisha kifaa chake, na kwenye televisheni ndogo nikauona moyo wangu mwenyewe, unafumba na kufumbua kama kinywa cha mtu mwenye usingizi.

"Saratani haijarudi," akasema. "Ila moyo umedhoofika. Dawa ile huwafanyia hivi baadhi ya watu. Hukuambiwa?"

Sijui kama niliambiwa. Siku niliyosaini karatasi za kukubali dawa nilikuwa sisikii kitu. Lakini nilimjua mtu mmoja aliyejua. Nilitoka pale nikapanda ngazi zile za Kariakoo, nikipumzika kila ghorofa, hasira ikinisukuma, nikamkuta anasahihisha madaftari.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Aliweka kalamu chini. "Nilijua inaweza kutokea. Si kwa kila mtu."

"Ulinishika mkono ukanipeleka. Mara ya nne nilikataa, ukanifuata hadi nyumbani. Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa dawa."

"Ni moyo wangu, Mwalimu."

"Ungekataa dawa, Somoe, na sasa hivi ungekuwa huna moyo wa kugombana na mimi."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho. Pengine alikuwa sahihi. Pengine kweli ningekataa. Lakini aliuchukua uamuzi wangu akauweka mfukoni mwake, kama anavyomnyang'anya mtoto gololi, na mimi sikuwa mtoto. Nilishuka. Kwa wiki sita alipita kibarazani kwangu mara nne kwa siku na sikumwamkia. Sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote hivyo. Yeye naye hakusema neno, hata la mitumba.

Aliyenirudisha ni daktari yule wa miwani. Alinipa vidonge vya moyo na vya kutoa maji mwilini, kisha akaniuliza kama nafahamu mahali pa kufanya mazoezi ya taratibu, ya viungo na pumzi. Nilicheka kwa uchungu. Nikasema nafahamu.

Nilipanda paani asubuhi iliyofuata, nikasimama nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Mwalimu aliniona. Hakusimamisha kitu.

"Kufungua dirisha," akasema. "Na wewe wa nyuma."

Nilidhani ni mchezo. Baada ya dakika kumi shati lilikuwa limenilowa. Kumbe kwenda taratibu ni kazi. Huwezi kuutupa mkono ukajikuta umefika, lazima uubebe njia nzima. Na pumzi yangu, ambayo kwa miezi ilikuwa inanikimbia, ilianza kuufuata mkono. Nilipomaliza sikuwa nimepona kitu. Ila kwa mara ya kwanza tangu nikatwe, nilikuwa nimekaa ndani ya mwili ule bila kuuogopa. Nililia, nikiwa nimegeukia tangi. Bado nilikuwa na hasira naye. Nilirudi kesho yake na hasira yangu, na keshokutwa.

Mama Faraja ndiye aliyekuwa hodari wetu. Alipata nguvu haraka kuliko wote. Akaanza tena kubeba sufuria zake mwenyewe, akaimba wakati wa kuteka maji. Mwalimu, ambaye sifa kwake zilitoka kwa shida, alimwambia mbele yetu: "Wewe unapona."

Baada ya mvua kubwa, ile iliyojaza maji Jangwani hadi watu wakavuka kwa kubebwa mgongoni, Mama Faraja hakuja siku mbili. Tukasema ni maji. Siku ya tatu mke wa muuza viungo alileta habari: Mama Faraja amefariki. Alikuwa ameacha vidonge kwa zaidi ya mwezi. Aliviona vingi kwenye kopo, akaona anaimba, akaona hana haja navyo. Miguu ilipovimba aliifunika kwa khanga asituaibishe. Walipomfikisha hospitali alikuwa hawezi kuongea.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka kama wa Mwalimu siku ile. Alibaki na mikono hewani, katikati ya kuanua nguo, na hakuishusha mpaka nilipokwenda kumshushia.

Tulikwenda msibani Buguruni. Alikaa jamvini na wanawake wengine, yeye na sari yake nyeupe, magoti yakimuuma, akakataa kiti. Mama mzazi wa marehemu alipoletwa, Mwalimu alimshika mikono.

"Mimi ndiye niliyemwambia anapona," akasema. "Nilisema mbele za watu. Aliniamini."

Yule mama, ambaye hakumjua, hakuivuta mikono yake. "Alikuwa anafurahi kuja kwenu," akamjibu. "Alikuwa anatuonyesha jikoni, ile ya dirisha." Akaweka kichwa begani kwa Mwalimu akalia, na Mwalimu akakaa wima kabisa, hakulia.

Wiki mbili hakukuwa na mazoezi. Nilidhani yamekwisha. Kisha asubuhi moja akatugongea, mmoja mmoja, na tulipofika paani tukakuta ndoo ya maji safi na vikombe. Amri ilikuwa mpya. Kila mtu aje na vidonge vyake, avionyeshe, avimeze mbele yake, kisha ndipo mkono uinuke.

"Mikono hii inasaidia dawa," akasema. "Haijachukua kazi yake. Anayetaka kuchagua moja aende akachague kwingine."

Alikagua ndimi zetu. Wanawake wazima, wenye wajukuu, tulitoa ndimi nje kama watoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyecheka.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye kile kipimo. Daktari alipitisha kifaa, akakipitisha tena. Akamwita mwenzake. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikisubiri hukumu.

"Mama, nguvu za moyo wako zimepanda," akasema. "Unakaribia wa mtu mwenye afya."

Nilimuuliza ni mazoezi au ni vidonge. Akavua miwani akaifuta.

"Siwezi kukugawia sifa hizo. Vidonge vimefanya kazi, hilo najua. Mazoezi nayo naamini yamesaidia, kwa wengine tumeona. Wewe usiache chochote."

Nilikimbia. Naona haya kusema, lakini nilitoka pale Upanga nikakimbia hatua kama hamsini barabarani, nikasimama, nikausikiliza moyo unadunda, na haukunisaliti. Nilipanda hadi kwa Mwalimu na karatasi mkononi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akachukua kalamu nyekundu akaweka alama ya vema pembeni.

"Wako je?" nikamuuliza. Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Miaka yote ile.

"Wangu uko vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Kama siku ya kwanza. Hata umeshuka kidogo."

Nilikaa chini sakafuni. Sote tulidhani yeye ndiye mfano wetu. Tulipanda nyuma yake tukiamini tunafuata njia ambayo yeye ameshaimaliza.

"Sasa unafanya kwa ajili ya nini, Mwalimu?"

Alinitazama kama nimekosa jibu rahisi. "Zamani nilipumzika mara tisa kufika paani. Sasa napumzika mara mbili. Moyo haukubadilika, mimi nimebadilika. Na usiku nalala. Unadhani hilo ni dogo?"

Jengo lile lilivunjwa. Mwenye kiwanja alitaka ghorofa refu lenye maduka chini hadi juu, kama yalivyokuwa yanaota kila mtaa Kariakoo. Mwalimu alihamia Upanga kwa mpwa wake, sisi tukahamishia mazoezi kwenye uwanja wa Jangwani, ambako vijana wa mpira walitupigia mluzi wiki ya kwanza, na wiki ya pili mmoja wao akamleta mama yake. Mwalimu alikuja mwanzoni kwa bajaji. Kisha akaacha kuja.

Mara ya mwisho nilimwona nikiwa na mteja wangu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, fundi cherehani aliyenunua vitenge kwangu. Alikuwa amekutwa na saratani ya titi na kukataa matibabu. Nilimwambia twende kwa mtu mmoja. Njiani nilikuwa nimepanga la kumwambia Mwalimu: amwite kwa jina lake na la baba yake, kama alivyonifanyia mimi, amsukume.

Tulimkuta kwenye roshani, amewekewa mito pande zote, midomo ina rangi ya bluu. Tulimwamkia. Aliitikia kwa sauti ndogo sana, nikamgeukia mpwa wake kuhakikisha ni yeye kweli aliyeitikia.

Yule fundi akaeleza habari yake. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Dawa ipo," akasema. "Mimi imeniondolea saratani, huyu pia. Na dawa hiyohiyo inaweza kuuharibu moyo. Si kila mtu. Mimi wangu umeharibika, ndiyo unaniona hivi. Huyu wake uliharibika ukarudi. Wa kwako sijui, na hakuna anayejua. Waambie wakupime moyo kabla na wakati wanakutibu. Basi, hayo ndiyo yote niliyonayo."

Nilitaka kumkatiza. Nilimwona yule mwanamke anarudi nyuma kwenye kiti, nikawaza, sasa ameondoka, tumempoteza.

Fundi alivuta khanga yake magotini. Kisha akauliza, "Wewe, Bibi, ungekuwa umeyajua haya mapema, ungekubali?"

Mwalimu alivuta pumzi, ikachukua muda kurudi.

"Ningekubali," akasema. "Lakini ningetaka kuulizwa."

Aliyasema hayo akinitazama mimi. Hakuwa anamtazama fundi hata kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kuyaona yakiomba kitu.

"Nimekusikia, Mwalimu," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akageukia barabarani kana kwamba tumeshaondoka. Tukaaga.

Tulitembea hadi kwenye kona ambako hospitali inaonekana. Pale fundi akasimama. Nilikuwa na maneno tele mdomoni, ya kumsihi na hata ya kumvuta mkono. Nikayameza.

"Unataka kwenda wapi?" nikamuuliza.

Alifikiri. Kisha akaniomba nimshikie mkoba wake, akajifunga khanga vizuri, akavuka barabara kuelekea geti la hospitali.